Kuingia baiolojia ya kemikali: je, nitabaki mwanakemia?

Bureti: Habari za jioni, wanajukwaa. Nimemaliza uzamili katika kemia ogania, na nimepata msimamizi wa uzamivu anayechunguza sukari zilizo juu ya seli. Mwalimu wangu wa tangu mwaka wa kwanza ananionya kwamba baada ya miaka minne nitakuwa mfugaji wa seli, na kwamba hakuna idara ya kemia itakayonipa darasa. Je, hofu hiyo ina msingi? Naomba mfano wa mtu, si nasaha za jumla.

Mwalimu_Mstaafu: Ndugu Bureti, mtazame mwanakemia Mmarekani Carolyn Bertozzi, aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 2022 pamoja na Morten Meldal na Barry Sharpless; tuzo yenyewe, tafadhali zingatia, ilikuwa ya kemia. Alihitimu uzamivu Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1993, akajiongezea ujuzi wa seli huko San Francisco, na mwaka 1996 akarudi Berkeley kufundisha kemia, kabla ya kuhamia Stanford mwaka 2015.

Swali lake lilikuwa la baiolojia, yaani namna ya kuziona sukari juu ya seli ambayo bado ni hai, ila majibu aliyachota katika kurasa za kemia ambazo wengi walikwisha kuzisahau. Seli zililishwa sukari iliyofungwa azidi, kikundi cha atomu tatu za nitrojeni ambacho kwa kawaida hakimo mwilini, nazo zikaibeba hadi juu ya utando wao. Ili kuinasa azidi hiyo, mwaka 2000 yeye na mwanafunzi wake waliurekebisha mmenyuko ambao mwanakemia Mjerumani Staudinger aliuchapisha mwaka 1919. Ulifanya kazi, lakini polepole. Azidi na alkaini, yaani molekuli yenye kaboni mbili zilizoshikana kwa kiungo cha mara tatu, hukutana upesi pakiwa na shaba, na shaba ni sumu kwa seli. Basi alirejea ugunduzi wa mwaka 1961 kuhusu alkaini iliyofungwa ndani ya pete ya kaboni 8: kiungo cha mara tatu hutaka kunyooka, pete inakipinda kama upinde uliovutwa, na mkazo huo unatosha kukisukuma kwenye azidi bila shaba. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Mfugaji wa seli asiyeijua kemia ogania asingefika hapo.

Binti_Maabara: Shikamoo, Mwalimu. Naomba niongeze kwamba Bertozzi akiwa bado mwanafunzi, msimamizi wake aliugua saratani akaondoka, na wanafunzi wakalazimika kujimalizia kazi zao. Kwa hiyo, Bureti, chunguza pia kama maabara hiyo ina wakubwa wa kukushika mkono. Kuhusu kufundisha, mwaka huu niliwapa wanafunzi wangu vijiti vya modeli waiunde pete hiyo. Kijiti kimoja kilivunjika mkononi mwa kijana wa mstari wa mbele, na somo la mkazo wa pete likaeleweka kabla sijaandika chochote ubaoni.

Mwalimu_Mstaafu: Marahaba, binti yangu. Bureti, muulize msimamizi jambo moja tu: sukari hizo mnazitengeneza wenyewe au mnazinunua? Mkizinunua zote, yule mwalimu wako ana hoja.

Bureti: Ahsanteni sana. Nimemwandikia, naye amejibu kwamba wananunua zote isipokuwa moja ambayo hajapata anayeiuza, na kwamba hiyo ndiyo anayotaka nianze nayo.