Tupeane uzoefu: siku zip ya Python ilipokuumbua

Mleta mada: Wakuu, leo dogo wa ofisini kaniuliza kwa nini ripoti yake inaishia mtu wa 40 wakati watu wako 43. Nimecheka hadi machozi: kumbe katumia zip, ile amri ya Python (lugha ya kuandikia programu) inayooanisha orodha mstari kwa mstari, na orodha fupi ikiisha inakata kimya. Nani mwingine kaumbuliwa?

Fundi Safu: Usinikumbushe. Shule fulani iliniomba nitume alama za hesabu kwa wazazi. Nina orodha tatu: majina 214, alama 214, namba za simu. Wazazi watatu hawakuwa na namba, nikajifanya msafi, nikafuta mistari mitupu. Zimebaki 211. Nikazipiga zip zote tatu, lupu (amri inayojirudia kwa kila mstari) ikatuma SMS. Hakuna kosa, hakuna onyo, imefika 211 ikanyamaza. Mstari mtupu wa kwanza ulikuwa wa 9, kwa hiyo kuanzia hapo kila mzazi kapokea alama za mtoto wa jirani. Na jina sikuliweka, nilikuwa nabana herufi zisivuke 160! Saa mbili usiku simu ya mwalimu mkuu. Kuna baba kaona 91, kaenda moja kwa moja dukani kumnunulia mwanawe baiskeli. Mtoto alikuwa na 34.

Binti Skripti: 🤣🤣 Baiskeli ilirudishwa?

Kobe: Hapo ungeweka strict=True tu, zip igome orodha zikipishana urefu. Ipo tangu Python 3.10.

Fundi Safu: Mkuu, strict inapiga kelele orodha fupi ikishaisha. SMS 211 zingekuwa zimeshaenda.

Kobe: Basi igeuze list (orodha kamili) kwanza, igome hapo, ndiyo utume. Unapenda ubishi.

Mzee wa Lupu: Pima len() zote kabla, yaani urefu wa kila orodha. Vijana mnapenda urembo.

Mama Data: Ndiyo maana natumia lugha ya R.

Kobe: R?! Ile ukiipa bei 4 na mauzo ya miezi 12 inazirudia bei mara tatu kimyakimya, na onyo haitoi kwa sababu 12 inagawanyika kwa 4. Bora inayokata kuliko inayobuni.

Mama Data: Hujui kuitumia, usiisingizie.

Binti Skripti: Tuacheni hayo. Baiskeli jamani?

Mgeni07: Mimi niliiweka zip kwenye z, nikaandika print(list(z)) ichapishe nione kama imekaa sawa. Imekaa sawa. Lupu iliyofuata ikatoka patupu. Siku mbili natafuta mchawi, kumbe kwenye Python 3 zip ukiisoma mara moja imekwisha.

Mzee wa Lupu: Pole. Yalinikuta pia.

Asha wa Hesabu: Mnatibu homa. Jina, simu na alama vikae mstari mmoja tangu mwanzo, mkitoa mstari vinatoka vyote. Nani aliwatuma mvitenganishe?

Kobe: zip_longest. Haikati, inajaza None (yaani patupu) hadi orodha ndefu iishe.

Fundi Safu: Ili nitume SMS kwa None? Namba zangu zilishasogea, mkuu, kujaza mwishoni hakunisaidii chochote.

Binti Skripti: Fundi, BAISKELI.

Fundi Safu: Anaendesha hadi leo. Baba alisema aibu ya kuirudisha dukani ni kubwa kuliko 34.