Kwa nini wa kwetu "amezamia" na wa kwao ni "haramu"?

Mleta mada: Wadau wa Moshi, tujadili bila povu. Kijana wetu akijificha kwenye meli hadi Ulaya, amezamia. Akipenya Tunduma bila makaratasi kwenda Sauzi, yuko Bondeni anapambana. Akifika Uingereza akaomba ukimbizi kwa kujiita Mrundi, amejilipua, na kijiweni tunacheka. Akianza kutuma hela za ujenzi, ukoo mzima unamsifia.

Muethiopia akikamatwa kwenye migomba ya Rombo akielekea hukohuko Sauzi, tunasoma: "Wahamiaji haramu wanaswa." Wananaswa, kama ngedere! Juni 2012 zaidi ya 40 walikutwa wamekufa Dodoma baada ya kukosa hewa ndani ya lori, na bado wapo waliowaita haramu hivyohivyo.

Msimamo wangu: haramu ni kitendo. Aliyeingia bila kibali kavunja Sheria ya Uhamiaji, Sura ya 54, ashtakiwe. Lakini anayejenga bila kibali hapa mjini mbona haitwi mjenzi haramu? Anaitwa baba mwenye nyumba.

Mdau wa Himo: Mkuu, ukianza kulainisha majina watakaofurahi ni madalali wanaowasafirisha. Wetu nao wakidakwa Sauzi wanarudishwa, na huko wanaitwa majina mabaya kuliko hilo.

Mleta mada: Kurudishwa sipingi. Na wakitutukana kule, ndiyo tuwalipizie Waethiopia? Mtoto wa nje ya ndoa wengi tumeacha kumwita mwanaharamu, na harusi bado zinafungwa kila Jumamosi.

Mdau wa Tarakea: Sisi mtatuweka wapi? Mpaka huu wetu na Kenya walipatana Mwingereza na Mjerumani mwaka 1886, babu zetu hawakuulizwa. Shangazi kaolewa ng'ambo. Kukiwa na msiba kwake tunakatiza njia ya panya, maana kuzunguka hadi kituoni ni safari. Hakuna aliyewahi kutuita haramu. Ila ukionekana na mfuko wa sukari, hapo utaitwa mtu wa magendo!

Mleta mada: Umenisaidia, ndugu yangu. Njia ni ileile, kosa ni lilelile, jina linategemea sura ya mpitaji. Mimi napendekeza "wahamiaji wasio na vibali".

Mdau wa Himo: Refu mno kwa kichwa cha habari. Lete lingine.