Umemzimikia rafiki yako na mapenzi yote yanafanyika kichwani: tupeane uzoefu

Mlinzi wa Siri: Wakuu, nazungumzia ile hali ya kumpenda rafiki wa karibu kimyakimya. Taa zikizimwa tu anakuja, anasema maneno ambayo hajawahi kuyasema. Wenye mbinu za kuishi nayo au kutoka, tiririkeni. "Jikaze" hatuitaki.

Bibi Darubini: Tuanze na jinsi inavyojengwa, maana bila hapo huwezi kuibomoa. Kichwa kinachukua vipande vya kweli: kicheko chake, alivyokushika bega mlipopishana mlangoni, ile "umefika salama?" ya usiku. Mapengo kinayajaza chenyewe. Yule wa kichwani hachoki, habishi, hana mtu mwingine. Msikilize vizuri: anaongea kwa maneno yako wewe. Chukua karatasi, igawe mara mbili. Kushoto andika alichosema au kutenda, na tarehe. Kulia andika ulichoongeza. Wengi wanakosea hapa: wanaandika "alinitazama kimapenzi" upande wa kushoto. Kushoto ni "alinitazama" tu. "Kimapenzi" inahamia kulia.

Kaka Mpole: Hiyo "kimapenzi" kuhamia kulia imeniingia. Naunga mkono.

Saa Sita: Nyongeza: usijilazimishe kutomwaza. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake, Marekani, waliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe. Dubu akazidi kurudi, na waliporuhusiwa wakamwaza kuliko wale walioruhusiwa tangu mwanzo. Basi mtengee muda: robo saa, mchana, umekaa kitini. Akija nje ya hapo, mwahirishe hadi kesho. Kitandani usimkaribishe kabisa, hakuna cha kumkatiza huko na usingizi unaondoka naye.

Simu Chini: Mbona simu hamuigusi? Mnalisha moto halafu mnashangaa moshi. Leo anajibu papo hapo, kesho kutwa ndiyo anajibu ya leo. Zawadi isiyotabirika humganda mtu kuliko inayokuja kila siku. Zima arifa zake, ficha hali (status) zake, acha kusoma meseji za zamani. Ila usimzuie (block) moja kwa moja. Atauliza kwa nini, na jibu huna.

Funga Mdomo: Dawa ni moja: usimwambie kamwe. Ukisema, urafiki unakwisha.

Sema Naye: Sikubaliani nawe, mkuu. Urafiki ambao mmoja anahesabu kila mguso tayari una ufa. Na ndoto tamu hazisogezi mtu. Wanasaikolojia Gabriele Oettingen na Doris Mayer, 2002, waliwafuatilia wanafunzi waliompenda mtu kwa siri: waliojipa picha tamu zaidi ndio waliofanikiwa kidogo, waliotarajia mema kweli walifanikiwa zaidi. Ukisema, sema ana kwa ana, mchana, hakuna mwenye msiba wala kilevi. Sentensi mbili: "Nimekuwa nakupenda zaidi ya rafiki. Huna deni la kunijibu leo." Kisha nyamaza! Kinachoharibu ni ile barua ya kurasa tano inayomkabidhi mwenzio mzigo wa miaka.

Funga Mdomo: Na akikataa?

Sema Naye: Wiki kadhaa za umbali mliokubaliana kwa mdomo. Ukipotea bila kusema, atadhani urafiki wote ulikuwa mtego.

Kaka Mpole: Mimi naona umwambie kwa utani kwanza upime upepo.

Bibi Darubini: Hapana, mwanangu. Utani unajibiwa kwa utani, nawe unakwenda kulala na kicheko kingine cha kutafsiri. Kama unataka kupima, angalia anavyowatendea marafiki zake wengine. Akiwauliza nao "umefika salama?", hiyo ni tabia yake, si ishara kwako.

Dada wa Pembeni: Hamjagusa siku yenyewe. Anapiga: "Kuna kitu nataka uwe wa kwanza kujua." Hapo kichwa kimeshamaliza sinema nzima, mnaoana. Halafu anataja jina la mtu mwingine, anataka umsaidie kuchagua pete. Masikio yanavuma, na lazima sauti itoke. Sema "hongera", uliza lini, tafuta sababu ya kukata. Usiungame siku hiyo, utamwibia furaha na hutapata kitu. Usikubali kusimamia shughuli yake papo hapo, mwambie utamjibu kesho kutwa. Kisha lia. Mtu uliyeishi naye kichwani amekufa, na hakuna wa kukupa pole kwa sababu hakuna aliyemjua.

Saa Sita: Dada, umeniacha kimya.

Simu Chini: Hii ya pete jamani… mtu aiweke juu.

Funga Mdomo: Mnaona sasa? Bora asijue.

Sema Naye: Angejua mapema, hiyo simu isingekuja hivyo.

Mlinzi wa Siri: Msigombane, wakuu. Na kama mnakaa meza moja kazini, umbali unaupataje?

Bibi Darubini: Kata vya hiari tu: chakula cha pamoja, kusindikizana, maongezi ya usiku. Ya kazi yabaki, mafupi, mbele za watu. Na ile robo saa ipeleke kwa rafiki mwingine aliye hai anayekujibu.