Mjadala wa Bukavu, Kongo: Nani amfundishe mtoto kula vizuri, mwalimu au mama?

Papa wa Panzi: Jana kijana wangu wa miaka 11 alinisomea kwa kichwa somo lake: vyakula vya kuleta nguvu, vya kujenga mwili, vya kukinga mwili. Hakukosa hata neno. Kufungua mfuko wake wa shule, nakuta karatasi za biskuti na sasheti ya juisi ya unga. Franga 500 zake za rekreasio, yaani za mapumziko ya shule, zilikwenda huko. Sasa somo hilo linamsaidia nini? Mimi naona watoto waingie jikoni, shule iache kukaririsha. Na sisi nyumbani ni muhogo tu, na muhogo unajaza tumbo, hauna kitu.

Mama wa Kadutu: Papa, hapo kwa muhogo umenichoma. Nimelea watoto 6 kwa bugali ya muhogo na sombe, majani yake ya kutwanga, hakuna aliyepata bwaki, ule ugonjwa wa utapiamlo, hata mmoja. Ukisema hauna kitu, umetukana mama zetu wote.

Papa wa Panzi: Sikutukana mtu, mama. Nilisema bugali tupu.

Mama wa Kadutu: Rudia kusoma. Neno "tupu" halipo.

Mwalimu, darasa la 4: Tafazali turudi kwa swali. Tangu shule ya msingi iwe ya bure mwaka 2019, darasa limejaa mpaka wengine wanakaa chini. Nifundishe kupika kwa sufuria gani? Nachora ubaoni yai, nyama, maziwa. Mtoto mmoja akaniambia: "Mwalimu, kwetu yai linauzwa, haliliwi." Sikuwa na jibu, na siku ile nilirudi nyumbani na uzito moyoni.

Muuguzi wa Bagira: Mwalimu, futa yai, chora sambaza, wale samaki wadogo, na maharagi. Mtoto wa Bukavu anaviona kila siku sokoni. Sambaza mwenyewe hakuwa wa ziwa letu la Kivu, aliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, leo ndiye anayetulisha. Na mama, bwaki tunaijua hapa: miguu inavimba, nywele zinakuwa nyekundu. Sombe ndiyo iliyosaidia kuwalinda watoto wako. Lakini ule muhogo mchungu usiolowekwa vizuri una sumu. Unaleta konzo, miguu ya mtoto inakufa ghafla na hairudi tena kama zamani. Jina ni la Wayaka wa kule Kwango, maana yake miguu iliyofungwa.

Mama wa Kadutu: Kwa hiyo sasa tumekuwa wauaji?

Muuguzi wa Bagira: Sikusema hivyo, mama yangu.

Muuza unga, Nyawera: Muuguzi anasema kweli, na mimi ninauza unga. Kule Bandundu barabara ilipofunguka kwenda Kinshasa, watu walipunguza siku za kuloweka ili wauze haraka, na ugonjwa ukawapata. Kwa hiyo msilaumu mama wa nyumbani. Laumu mwenye haraka ya pesa.

Papa wa Panzi: Ndugu, na unga wako wewe uliloweka siku ngapi?

Muuza unga, Nyawera: Unaniita mwizi? Njoo Nyawera uone gunia zangu kwa macho yako!

Msichana wa sekondari: Wakubwa, samahani. Mnatuongelea sisi na hakuna aliyetuuliza. Mimi natoka nyumbani bila kula. Saa nne njaa inauma, mandazi mawili ndiyo yanashika tumbo mpaka saa saba. Avoka, yaani parachichi, lipo karibu na geti, bei ni karibu ile ile. Lakini ukila avoka mbele ya wenzako wanakuita wa kijijini. Somo la vikundi vitatu nilipata alama nzuri. Halikunifundisha kuvumilia kuchekwa.

Mama wa Kadutu: Na sombe mnaikataa hivyo hivyo, mwanangu. Msichana wa jirani ananiambia inachafua meno!

Msichana wa sekondari: Mimi sombe napenda, mama. Nimesema juu ya avoka.

Mwalimu, darasa la 4: Binti, kesho nitanunua avoka, nitalila mbele ya darasa langu.

Mama wa Kadutu: Papa wa Panzi, lete kijana wako Jumamosi. Nina muhogo kwenye maji tangu leo, Jumatano. Ataumenya na kuuanika mwenyewe, kisha tutwange sombe pamoja.

Papa wa Panzi: Atakuja, mama. Asante. Lakini Jumatano mpaka Jumamosi ni siku tatu. Muuguzi, zinatosha?

Muuguzi wa Bagira: Usihesabu siku peke yake, baridi yetu ya Bukavu inachelewesha. Bonyeza kwa kidole. Kama katikati bado ni pagumu, uurudishe majini. Na ukishauanika, ukauke kabisa.

Mama wa Kadutu: Mama yangu alikuwa anabonyeza hivyo hivyo. Sikujua ni kwa sababu gani.