Naomba ushauri: mvua ikikata daraja na mtandao ukazima, tunawapataje wazee Kibosho?

Mtoto_wa_Kibosho
Wakuu habari zenu. Niko Arusha kikazi, mke na watoto wako Moshi mjini, wazazi wako Kibosho juu na umri umeenda. Masika ikikolea huko kwetu umeme unakatika, saa chache baadaye mnara nao unalala, na maji yakipita juu ya daraja hata bodaboda hapandi. Msimu uliopita tulikaa usiku kucha hadi mchana hatujui mama yuko wapi. Kumbe yuko kwa jirani anakula kiburu, hana habari kwamba huku tumeshaanza kupigiana simu za msiba.

Kaka yangu anataka tuchange tununue redio koli mbili, eti boksi limeandikwa zinafika kilomita kibao. Mimi nina laini tatu za mitandao tofauti na zote zilikuwa kimya. Natafuta njia ambayo mzee wa miaka sabini na kitu ataiweza usiku, mvua inapiga na taa hakuna.

Fundi_Minara
Mkuu, laini tatu sio minara mitatu. Siku hizi mitandao mingi inapanga kwenye mnara mmoja wa kampuni nyingine kabisa, wanagawana umeme na jenereta. Mnara ukiishiwa, wote wanalala pamoja. Umeme ukikatika betri zinabeba saa kadhaa, baada ya hapo ni jenereta, na jenereta inataka gari la mafuta lipite barabara ile ile iliyokatika. Kwa hiyo kabla hujanunua laini ya nne, muulize mtu wa kijijini ni mtandao gani una mnara upande wa pili wa bonde.

La pili, acheni kupigiana. Wote mkipiga kwa wakati mmoja mnara unajaa, hakuna anayepata. Meseji ya kawaida haihitaji kushikilia njia ya sauti, na simu ya mama ikiwa haipatikani meseji inasubiri kwenye mtambo hadi mnara uamke. WhatsApp msiitegemee. Mei 12, 2024 nyaya za baharini zilipokatika, intaneti ilizorota nchi nzima huku simu na meseji zinaenda kama kawaida.

Mzee_wa_Njiwa
Nunua njiwa. Hali bando.

Dada_Rau
😂 Njiwa wa Kibosho atafika Moshi akiwa mchuzi.

Ila kwa uzito: chagueni mtu mmoja aliye mbali na mvua, wa Dodoma au Dar. Sisi ni shangazi. Kila mtu anamtumia yeye meseji moja, yeye ndiye anagawa habari. Simu ya mbali mara nyingine inapita wakati ya jirani inagoma, na hata ikigoma, mkipata mtandao kwa sekunde kumi mnajua pa kuzitumia. Meseji iwe fupi na ya maana: nani, yuko wapi, yuko mzima au la, saa ngapi. "Tuko salama" peke yake haisaidii, tuko ni akina nani?

Mpagazi_Mstaafu
Hizo redio koli ngoja kidogo. Nimebeba mizigo Kilimanjaro, redio nimezishika sana. Redio ya mkononi inataka ionane na mwenzake. Ukisimama ukingoni Kibosho unaiona Moshi mjini yote, hapo mtaongea vizuri kabisa. Shuka bondeni kwenye mto, ukuta wa mlima unakata, unasikia kukwaruza tu. Na kuifikisha Arusha sahau, labda kuwe na mtambo wa kurudishia mawimbi katikati. Kilomita za kwenye boksi zimepimwa mahali tambarare, sio Uchagani.

Halafu kuna leseni. Masafa yanatolewa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Ukiwasha redio ya dukani bila kibali unaweza kuingilia watu wa uokoaji siku hiyo hiyo wanayotafuta mtu. Pesa hiyo nunueni filimbi, kila mzee avae shingoni. Mlimani ishara ya hatari ni milio sita ndani ya dakika moja, kisha kimya dakika moja, kisha tena. Anayekusikia anajibu mitatu. Tochi inafanya kazi hiyo hiyo. Mzee hapotezi sauti kwa kupiga kelele, na filimbi haihitaji chaji.

Mama_Katesh
Mnaongelea kupata habari za mama. Kumwambia mama atoke ni kazi nyingine kabisa. Tope la Hanang lilishuka Jumapili asubuhi, Desemba 3, 2023, watu zaidi ya 80 walikufa. Kwenye jambo la namna ile huna muda wa kusubiri meseji.

Kibosho mna kengele ya kanisa, tena kubwa. Muombeni paroko na mwenyekiti wa kijiji mkubaliane mlio wa hatari ambao haufanani na wa misa wala wa msiba, maana watu wakidhani ni msiba watavaa kanga na kuja kanisani badala ya kupanda juu. Msikiti ukiwepo karibu, spika yake pia, ila hiyo inakufa na umeme kama hawana betri. Na balozi awe na orodha ya wazee wanaoishi peke yao, kijana mmoja kwa kila mzee. Kijana anakwenda kwa miguu, hasubiri mtandao.

Mtoto_wa_Kibosho
Nimewaelewa. Tatizo mama meseji hasomi, macho. Na 112 inasaidia kweli?

Fundi_Minara
112 simu inatafuta mnara wowote unaosikika, hata usio wa laini yako. Lakini kama hakuna mnara ulio hai, hakuna 112. Zimamoto ni 114. Mbandikie mama ukutani kwa herufi kubwa, karibu na taa.

Dada_Rau
Kama hasomi meseji, basi karatasi mlangoni, na anaiandika yule kijana wa jirani. "Bibi yuko kwa mama fulani, mzima, saa 4 usiku." Saa na tarehe lazima, vinginevyo mtakuta karatasi ya juzi mkaanza kukimbia. Ifungwe kwenye pakiti ya maziwa iliyooshwa, mvua isiilowanishe, maana mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku tangu 2019.

Mtoto_wa_Kibosho
Sawa. Jumapili napanda, naongea na paroko na balozi. Filimbi nanunua nne. Kaka nitamwambia redio zisubiri kibali. Mama nampelekea simu mpya ya kitochi, redio ya humo ataisikiliza TBC na Sauti ya Injili umeme ukikatika. Kuna cha kuangalia dukani?

Mpagazi_Mstaafu
Chukua chenye betri ya kutoa, ununue na ya akiba. Na hedifoni usiache dukani, kwenye vitochi vingi waya wake ndio antena.

Mzee_wa_Njiwa
Hiyo ya antena sikuijua. Nilirudisha simu mbili nikijua mbovu.