clientX, pageX au offsetX: ipi ishike kishale kwenye ramani ya Marangu?

Ramani_Moshi
Wakuu, kuna ukurasa wenye ramani ya njia ya Marangu ya kupanda Kilimanjaro. Mgeni akipitisha kishale juu ya Mandara, Horombo au Kibo, kisanduku chenye jina la kambi kitokee hapo hapo. Picha halisi ina upana wa piseli 1,600, ila ukurasani inaonyeshwa kwa 800. Tukio la mousemove (kishale kinaposogea) katika JavaScript linaleta namba za aina nyingi za mahali kilipo. Nishike ipi?

Njiro_JS
Mkuu, zinatofautiana pale zinapoanzia kuhesabu. clientX huanzia ukingo wa kushoto wa dirisha la kivinjari. pageX huanzia mwanzo wa ukurasa, yaani clientX jumlisha scrollX (piseli ambazo ukurasa umesogezwa kwa ulalo). screenX huanzia kwenye skrini yenyewe. Kwa kazi hii iache.

offsetX inavutia kwa ufupi wake, lakini huhesabu kutoka elementi iliyo chini ya kishale wakati huo. Ukiweka alama ya Horombo juu ya picha, kishale kikiingia kwenye alama namba inashuka ghafla karibu na sifuri, na kisanduku kinaruka. Kwa picha tupu isiyo na alama, haina shida.

Chukua clientX, ondoa mahali picha ilipoanzia, kisha rekebisha ukubwa:

```
const r = picha.getBoundingClientRect();
const x = (e.clientX - r.left) * picha.naturalWidth / r.width;
const y = (e.clientY - r.top) * picha.naturalHeight / r.height;
```

Piseli 200 kutoka ukingo wa picha zitakupa 400 kwenye ramani halisi. Usiipe picha border (fremu) wala padding (nafasi ya ndani), maana r huzihesabu pia; zipe div (kasha) inayoizunguka.

Kijenge_Web
Naunga mkono, ila pageX msiitupe. Kisanduku kikiwa na `position: absolute` moja kwa moja ndani ya body, kipange kwa pageX na pageY. Kikiwa `fixed`, yaani kimeganda kwenye dirisha, tumia clientX na clientY. Ukichanganya, mtu akishusha ukurasa piseli 300, kisanduku kinakaa piseli 300 mbali na kishale. Kosa hili halionekani ukijaribu juu kabisa ya ukurasa, ndiyo maana linapita.

Na kipe kisanduku `pointer-events: none`. Bila hivyo kinaingia chini ya kishale na kuanza kuwaka na kuzima.

Sakina_Front
Badala ya mousemove sikiliza pointermove, inabeba kipanya, kidole na kalamu. Kwenye simu weka `touch-action: pan-y` juu ya ramani: kushusha ukurasa kunabaki kazi ya kivinjari, kuburuta kwa ulalo kunakuja kwako. Ukisahau, kivinjari kinaweza kuchukua mguso, kikatuma pointercancel (tukio la kusema mguso umekatishwa), na namba zikakatika katikati.

Ndani ya tukio hifadhi namba tu. Kuchora kufanyike kwenye requestAnimationFrame, ambayo huendesha kazi yako kabla ya fremu inayofuata. Skrini ya 60 Hz ina takriban milisekunde 16.7 kwa kila fremu. Soma getBoundingClientRect kwanza, ndipo ubadilishe mtindo, na kisogeze kwa transform badala ya left na top.

Ramani_Moshi
Asanteni sana wakuu. Ukurasa ukifunguka tu, naweza kujua kishale kiko wapi?

Njiro_JS
Hapana. JavaScript haina njia ya kuuliza. Ni lazima usubiri tukio la kwanza. Anza kisanduku kikiwa kimefichwa, na pointerleave (kishale kikitoka kwenye ramani) ikifiche tena.