Naomba ushauri: sherehe ya miaka 15 ya mwanangu huku mpakani
Ndugu zangu, salaam. Mimi ni Mtanzania niliyeolewa na Mmarekani mwenye asili ya Meksiko, nasi tunaishi El Paso, Texas, ng'ambo ya mto Rio Grande kutoka Ciudad Juárez, Meksiko, wanakoishi wakwe zangu. Mtoto wetu, aliyekulia pande zote mbili za daraja, anakaribia miaka 15, umri ambao kwao binti hufanyiwa quinceañera: misa, gauni kubwa, dansi na baba, na kuvuliwa viatu bapa ili avishwe vya visigino, kuonyesha kwamba sasa ni mwanamke.

Yeye ametueleza kwa heshima kwamba hajioni kuwa msichana tu, na kwamba hujitambulisha kama Latinx (neno la mtu mwenye asili ya Amerika ya Kilatini lisilotaja jinsia), si Latina (neno la mwanamke). Namwamini. Anaitaka misa na ndugu zake wote, ila si gauni wala viatu. Mama mkwe anaona huko ni kuukana ukoo, na kila mume wangu anapojaribu kumweleza, mazungumzo huishia kwenye machozi.

Je, mliolea watoto katika familia za mchanganyiko, mlibadilishaje sehemu ya mila bila kumvunjia mzee heshima? Na je, mtoto azungumze na bibi yake mwenyewe, au sisi wazazi tutangulie?